Taa Kuwaka Si Ushahidi: Somo la Kumpata Fundi Umeme kwa Kazi Ndogo za Nyumbani



Kazi nyingi za umeme katika nyumba zetu ni ndogo. Soketi imelegea na inatoa cheche; swichi ya taa ya nje haishiki; familia inahitaji soketi ya ziada jikoni au taa ya ulinzi getini. Kazi ya namna hiyo huchukua saa moja, pengine nusu siku, na malipo yake si makubwa. Ndiyo maana wengi hawaoni haja ya kuuliza maswali. Fundi wa mtaani huitwa kwa simu, hufika na bisibisi na testa, taa huwaka, hulipwa, huondoka.

Umeme, hata hivyo, haufanani na useremala. Mlango uliofungwa vibaya huonekana siku hiyo hiyo, kwa kuwa haufungi. Kazi ya umeme iliyofanywa vibaya yaweza kuwasha taa na kuchemsha maji kwa miezi mingi bila dalili yoyote, hadi siku ambayo mtoto atagusa birika au waya utawaka moto ndani ya dari. Kwa hiyo mteja anayeipima kazi kwa kutazama kama taa imewaka hajaipima bado.

Katika somo hili tutaeleza makosa matatu ambayo hayaonekani kwa macho, namna ya kumtambua fundi anayeruhusiwa kisheria, na mambo ya kufanya kabla ya kazi, wakati wa kazi na baada ya kazi. Maelezo yanahusu Tanzania Bara. Mwishoni yapo maswali ya kujipima, ambayo yanaweza kutumiwa pia katika vikundi vya mitaa na vijiji.

1. Mpaka wa kazi: kipi ni cha nani

Nguzo, waya unaotoka nguzoni hadi nyumbani, na mita ya LUKU ni mali na dhamana ya TANESCO. Fundi yeyote uliyemwita mwenyewe, hata awe hodari namna gani, haruhusiwi kufungua mita wala kukata lakiri yake. Anayekuahidi kuwa atairekebisha mita ili uniti zisiishe haraka anakuingiza katika kosa la jinai, na atakayekutwa na mita hiyo ni wewe mwenye nyumba, si yeye.

Kuanzia mita kuingia ndani, yaani swichi kuu, bodi ya umeme, nyaya, soketi, swichi na taa, ni dhamana ya mwenye nyumba. Hapo ndipo anapohitajika fundi. Ikiwa wewe ni mpangaji, pata kwanza ridhaa ya mwenye nyumba, ikiwezekana kwa maandishi, kabla ya kuongeza au kubadilisha chochote kilichomo ukutani.

Zipo kazi chache ambazo mwenye nyumba anaweza kuzifanya mwenyewe: kubadilisha balbu baada ya kuzima swichi yake, na kubadilisha fyuzi iliyomo ndani ya plagi baada ya kuichomoa. Fyuzi ya ampea 3 inafaa kwa vifaa vidogo kama redio na taa ya mezani. Ya ampea 13 ni kwa vifaa vya joto kama pasi na birika. Kipande cha waya au karatasi ya pakiti ya sigara si fyuzi. Kazi yoyote inayodai kufungua swichi, soketi au bodi ni ya fundi.

2. Makosa matatu ambayo taa haiyaonyeshi

*Waya wa ardhi usiounganishwa.* Soketi zetu zina matundu matatu. Mawili ya chini huleta umeme wa kukitumikisha kifaa. La juu ni la waya wa ardhi, ambao mafundi wengi huuita ethi. Birika litachemsha maji hata kama waya huo umekatwa. Kazi yake huonekana siku ambayo waya wa ndani ya birika utaachia na kugusa bati lake. Kama waya wa ardhi upo na mfumo wake ni mzima, umeme utapita humo, na kikata umeme kitaanguka. Kama haupo, bati litabaki na umeme, likimsubiri mtu wa kuligusa.

Ni vema tuelewe kiasi tunachokizungumzia. Mkondo wa miliampea 30 tu, ukipita kifuani kwa muda wa kutosha, unaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuua. Balbu ndogo ya wati 10 hutumia zaidi ya miliampea 40. Umeme unaotosha kuwasha balbu hiyo unatosha kumwua mtu.

*Swichi iliyowekwa kwenye waya usio wake.* Umeme huingia kwa waya wa laivu na kurudi kwa waya wa nyutro. Swichi ya taa lazima ikate laivu. Ikikata nyutro, taa itazimika vizuri kabisa, lakini kishikizo cha balbu kitabaki na umeme muda wote. Mwenye nyumba huzima swichi, hupanda juu ya stuli kubadilisha balbu, na hupigwa na umeme akiwa anaamini kwamba amejikinga.

*Kikata umeme kikubwa kuliko waya.* Kosa hili ndilo linalofanana zaidi na huduma nzuri. Kikata umeme, kile ambacho mafundi hukiita sakiti breka, huwekwa kwenye bodi ili kuulinda waya uliomo ukutani usipate joto kupita uwezo wake. Waya wa taa wa milimita za mraba 1.5, ukiwa ndani ya bomba ukutani, hubeba salama kati ya ampea 14 na 18 hivi. Kwa hiyo hulindwa kwa kikata umeme cha ampea 6 au 10. Sasa tuseme mteja ameongezewa soketi ya jikoni kutoka kwenye waya huo wa taa. Birika la wati 2,000 kwa umeme wa volti 230 linavuta karibu ampea 9. Pasi ya wati 1,200 inavuta zaidi ya 5. Vikiwashwa pamoja, kikata umeme cha ampea 10 kitaanguka. Mteja analalamika. Fundi asiye makini anakitoa na kuweka cha ampea 32, na tangu siku hiyo umeme haukatiki tena. Mteja anashukuru. Lakini ulinzi umeondolewa: waya ukizidiwa sasa, hakuna cha kuuzuia usiungue pale ulipo, mara nyingi juu ya dari penye mbao.

Kikata umeme kinachoanguka mara kwa mara kinatoa taarifa. Dai lako kwa fundi liwe kutafuta sababu yake. Usimwombe akinyamazishe.

3. Nani anaruhusiwa kufanya kazi hii

Chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, kazi za ufungaji wa umeme zinasimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA, na hufanywa na watu wenye leseni. Leseni hizo zimegawanywa kwa madaraja, na kila daraja lina mpaka wa kazi ambazo mwenye leseni anaweza kuzifanya. Fundi wa nyumba za kawaida hahitaji leseni ya mitambo mikubwa. Anahitaji ile inayolingana na kazi yako.

Tofautisha mambo mawili ambayo huchanganywa mara kwa mara. Cheti cha VETA au cha chuo kingine cha ufundi kinathibitisha kwamba mtu amejifunza. Leseni ya EWURA inathibitisha kwamba ameruhusiwa kufanya kazi. Wapo pia mafundi waliojifunza kazini bila kupita darasani. VETA inao utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti, na mwenye ujuzi huo wa kweli anaweza kuutumia kupanda ngazi. Fundi akikuambia kuwa ujuzi anao ila hana karatasi, mweleze kwa heshima kuhusu njia hiyo. Si sababu ya kuacha kumwuliza.

Fundi akifika, mwombe mambo manne:

a) leseni yake, usome jina, daraja na tarehe ya kumalizika;
b) kitambulisho chake, ulinganishe jina na sura;
c) namba ya simu ambayo anaipokea, na mahali anapopatikana;
d) mteja mmoja au wawili wa karibu aliowafanyia kazi mwaka uliopita.

Uhalali wa leseni unaweza kuuthibitisha kwa EWURA, ambayo makao yake makuu yapo Dodoma na ina ofisi za kanda. Ofisi ya TANESCO ya eneo lako nayo inaweza kukueleza ni wakandarasi gani wenye leseni wanaofanya kazi jirani nawe.

Jihadhari na wale ambao mtaani huitwa vishoka. Kishoka huja bila kuitwa au hukaa jirani na ofisi za umeme, hujitambulisha kwa maneno kwamba ni mtu wa TANESCO, hukataa kuonyesha kitambulisho, hutaka fedha yote mkononi kabla ya kugusa kitu, na ana haraka. Kuvaa fulana yenye nembo si kitambulisho. Ukiwa na shaka, mweke nje ya geti kwanza, kisha piga simu ofisini.

4. Kabla ya kazi: makubaliano ya maandishi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kazi ndogo nayo inastahili daftari. Makubaliano ya mdomo ni mkataba, lakini yakivunjika ni vigumu kuyathibitisha. Ukurasa mmoja wa daftari la shule, uliosainiwa na pande zote mbili, unatosha. Uandikwe:

a) kazi yenyewe kwa ufafanuzi. Usiandike "kurekebisha umeme jikoni", andika "kuweka soketi moja ya jikoni, kwa waya mpya wa milimita za mraba 2.5 kutoka kwenye bodi, na waya wa ardhi, na kikata umeme chake";
b) bei ya vifaa na bei ya ufundi, kila moja peke yake;
c) nani atanunua vifaa;
d) siku ya kuanza na ya kumaliza;
e) nani atarudishia lipu na rangi palipopasuliwa;
f) muda ambao fundi atarudi kurekebisha kasoro ya kazi yake bila malipo.

Tuchukue mfano, na tarakimu zake ni za kufundishia tu. Fundi anataja shilingi 90,000 kwa soketi ya jikoni. Ukimwomba azigawe, inaonekana vifaa ni 55,000 na ufundi ni 35,000. Fundi wa pili anataja 60,000 kwa jumla. Mteja asiyeuliza ataona ameokoa 30,000. Mteja anayeuliza atagundua kuwa huyo wa pili hakukusudia kuvuta waya mpya wala kuweka kikata umeme; alitaka kuchukua umeme kutoka kwenye waya wa taa ulio karibu. Bei hizi mbili ni za kazi mbili tofauti, na ya pili ndiyo ile tuliyoieleza katika sehemu ya 2.

Usilipe fedha yote mwanzoni. Kama fundi ndiye atakayenunua vifaa, mpe fedha ya vifaa na udai risiti. Ufundi ulipwe kazi ikishapokelewa. Ukilipa kwa simu, hifadhi ujumbe wa malipo.

5. Vifaa

Mwombe fundi akuandikie orodha ya vifaa pamoja na vipimo vyake, kisha ukanunue mwenyewe au mwende pamoja. Nunua katika duka linalotoa risiti ya mashine ya EFD na tafuta alama ya ubora ya TBS. Kipimo cha waya husomeka kwenye ganda lake. Kama hakuna maandishi yoyote, usiuchukue.

Waya ulioandikwa kuwa ni wa shaba unaweza kuukagua kwa njia rahisi kabla haujaunganishwa. Kata kipande kidogo na ukikwangue kwa kisu. Shaba halisi ni nyekundu hadi ndani. Ikiwa ndani ni nyeupe, huo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, nayo haibebi mkondo sawa na shaba ya unene ule ule. Urudishe dukani pamoja na risiti. Bidhaa bandia hushughulikiwa na Tume ya Ushindani, na zisizokidhi viwango hushughulikiwa na TBS.

Kama bodi yako haina kifaa cha kukata umeme unapovuja, mwulize fundi gharama ya kukiongeza. Kile cha miliampea 30 hukata umeme kwa sehemu ndogo ya sekunde pale unapovuja kwenda ardhini, ikiwa ni pamoja na unapopita mwilini mwa mtu. Hakichukui nafasi ya waya wa ardhi. Vyote viwili vinahitajika.

6. Wakati wa kazi

Si lazima ujue ufundi ili uisimamie kazi. Yatosha kuwapo na kutazama mambo machache. Fundi azime umeme kwenye bodi kabla ya kufungua kitu, kisha apime kuhakikisha kweli umezimika. Mtu mmoja mzima akae jirani na bodi au pawekwe tangazo, ili mtoto au mgeni asiuwashe. Kama nyumba ina jenereta au umeme wa jua wenye betri, mweleze fundi mapema, kwa kuwa kuzima umeme wa TANESCO pekee hakuondoi umeme wa vyanzo hivyo. Viungo vya waya viwe ndani ya kiboksi chake, si kuzungushiwa gundi ya utepe na kufukiwa ukutani.

Mteja naye ana wajibu. Usimharakishe fundi awahi tamthilia ya jioni. Usimshurutishe kufanya kazi umeme ukiwa umewaka kwa sababu friji ina nyama. Usimwombe aruke waya wa ardhi ili kupunguza gharama. Fundi mwema atakataa, na akikubali, mmekosa wote wawili. Akimaliza kazi yake sawasawa, mlipe siku hiyo hiyo bila kumzungusha.

7. Kuipokea kazi

Kabla ya kulipa ufundi, mwambie fundi akuonyeshe yafuatayo. Apime yeye, wewe tazama.

Kwanza, kwa kipimo chake, akuonyeshe kwamba waya wa ardhi wa soketi mpya umeunganishwa na unafanya kazi. Testa ya bisibisi haitoshi kwa jambo hili, kwa kuwa inaonyesha tu kuwapo kwa laivu.

Pili, kwa kila taa mpya, swichi ikiwa imezimwa, akuonyeshe kwamba kishikizo cha balbu hakina umeme.

Tatu, akusomee namba iliyoandikwa kwenye kikata umeme na kipimo cha waya kinachoulinda. Kwa waya wa taa wa 1.5, namba isizidi 10. Kwa waya wa soketi wa 2.5 unaokwenda bila kurudi kwenye bodi, isizidi 20. Ukiona 32 kwenye waya wa 2.5, aeleze: namba hiyo inakubalika pale tu ambapo waya huo unazunguka soketi zote na kurudi tena kwenye bodi.

Nne, abonyeze kitufe cha kujaribia kwenye kifaa cha kukata umeme unapovuja. Lazima kianguke mara moja. Jifunze kukibonyeza, nawe uendelee kufanya hivyo mara kwa mara.

Hatimaye andikeni chini ya yale makubaliano: tarehe, kilichofanyika, kilicholipwa, na saini zenu. Hifadhi karatasi hiyo pamoja na risiti. Fundi mwingine atakayekuja baada ya miaka mitatu ataihitaji kama daktari anavyohitaji kadi ya mgonjwa.

8. Mambo yakienda kombo

Ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, ukiona soketi imebadilika rangi, au ukihisi mtetemo unapogusa friji au bomba la maji, zima swichi kuu na usiiwashe hadi fundi aikague. Moto ukizuka, zima umeme ikiwa unaweza kuifikia swichi bila hatari, usimwage maji, toa watu nje, na upige 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Mtu akinaswa na umeme, usimshike; zima umeme kwanza.

Ikiwa kazi ina kasoro, mwite fundi kwa ujumbe wa maandishi, ueleze kasoro na umpe siku ya kurudi. Asiporudi, peleka makubaliano na risiti kwa uongozi wa serikali ya mtaa au kijiji kwa usuluhishi. Ikishindikana, mahakama ya mwanzo ipo. Fundi asiye na leseni, au mwenye leseni aliyehatarisha maisha, ataarifiwe EWURA. Anayejifanya mtumishi wa TANESCO ataarifiwe TANESCO na polisi. Usinyamaze kwa kuona haya kwamba fedha ilikuwa kidogo: nyumba inayofuata ambayo fundi huyo ataingia ni ya jirani yako.

Maswali ya kujipima

1. Soketi mpya inachemsha birika vizuri. Ni jambo gani bado halijathibitishwa?
2. Kikata umeme cha jikoni kinaanguka kila jioni. Fundi anapendekeza kuweka kikubwa zaidi. Utamwuliza nini kabla ya kukubali?
3. Kuna tofauti gani kati ya cheti cha ufundi na leseni?
4. Mafundi wawili wametaja bei zinazotofautiana sana kwa kazi moja. Utajuaje kama kweli ni kazi moja?
5. Fungua bodi ya nyumba yako kwa macho tu, bila kugusa nyaya: je, kipo kitufe cha kujaribia? Kama hakipo, umepata swali la kwanza la kumwuliza fundi wako.